Tangazo la wadai wa marehemu Uingereza: mwongozo kamili kwa msimamizi wa mirathi

Msibani kwetu, kabla watu hawajatawanyika, husimama mtu wa familia akasema: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye aje. Siku chache baadaye wenye madai wameshapeleka habari kwa mzee wa ukoo, deni la duka linalipwa, la fundi linasamehewa, shughuli imekwisha. Ukifiwa ukiwa Leicester au Reading, utaratibu huo ufanye kwa heshima ya marehemu, lakini mbele ya sheria ya huko haukukingi. Kampuni ya kadi ya mkopo haikuja matangani.

Sheria ya England na Wales ina tangazo lake, nalo limo katika kifungu cha 27 cha Trustee Act ya mwaka 1925. Msimamizi wa mirathi anachapisha notisi kwenye gazeti rasmi la serikali, The London Gazette, anawapa wadai muda usiopungua miezi miwili, na muda huo ukiisha anaruhusiwa kugawa mali kwa kuzingatia madai anayoyajua tu. Mdai ambaye hakujulikana akiibuka baada ya mgao, hawezi kumlazimisha msimamizi alipe kutoka mfukoni mwake.

Shika hayo maneno "anayoyajua". Watu wengi wanaolipia notisi hii hudhani wamenunua kinga dhidi ya kila deni. Kinga ni dhidi ya deni usilolijua. Deni ulilolijua, hata kwa kusikia tu, linabaki shingoni mwako, notisi iwe imechapishwa au la.

Je, ni lazima utangaze?

Si lazima, na hakuna atakayekutoza faini usipotangaza. Hatari yake ni nyingine. Ukigawa mali yote kwa warithi kisha akatokea mwenye deni halali, atakudai wewe uliyeshika mali ukaitawanya, na deni hilo linaweza kufika hadi kwenye akaunti yako binafsi. Kwa gharama ya tangazo, ambayo hata hivyo hukatwa kwenye mali ya marehemu kama gharama nyingine za mirathi, sioni sababu ya msimamizi wa warithi wengi kuacha kutangaza. Hasa pale warithi wenyewe wametapakaa Mombasa, Dubai na Toronto. Ukishawatumia fedha, kuzirudisha ni kazi.

Hali moja hupunguza faida ya notisi: wewe ndiye msimamizi na wewe ndiye mrithi pekee. Kifungu cha 27 kinamlinda msimamizi, hakimlindi mrithi. Mdai aliyechelewa bado anayo haki ya kuifuata mali kwa aliyeipokea, na aliyeipokea ni wewe huyo huyo. Hapo amua kwa kuangalia maisha ya marehemu. Mama aliyestaafu, asiye na biashara, ambaye barua zake zote ulikuwa unazisoma wewe, si sawa na mjomba aliyekuwa na gereji na marafiki wa kukopeshana.

Nani atangaze, na lini

Kama marehemu aliacha wosia na wosia unakutaja kuwa mtekelezaji, mamlaka yako yanatokana na wosia wenyewe. Unaweza kutangaza hata kabla mahakama haijatoa hati ya kuuthibitisha. Kama hakuna wosia, mamlaka yako yanaanza siku unapopewa hati ya usimamizi wa mirathi. Ukitangaza kabla ya hapo umetangaza kama mpita njia. Subiri hati.

Wakenya na Watanzania wengi huchanganya jambo hili kwa sababu kwetu tangazo linalojulikana hutangulia. Kenya, ombi la mirathi huchapishwa kwenye Kenya Gazette ili mwenye pingamizi alilete ndani ya siku 30. Tanzania nako mahakama hutangaza kabla ya kumthibitisha msimamizi. Tangazo hilo linauliza kama kuna anayepinga fulani kusimamia. Notisi ya kifungu cha 27 inauliza nani anadai. Moja haifanyi kazi ya nyingine.

Kwanza tafuta madeni mwenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Anza na karatasi. Omba posta, Royal Mail, ihamishie barua za marehemu kwenye anwani yako. Chukua taarifa za benki za mwaka mzima uliopita na uzipitie mstari kwa mstari: kila malipo yanayojirudia ni mkataba na mtu fulani. Gesi, umeme, maji, simu, bima ya gari, kodi ya halmashauri, mkopo wa gari, kadi. Andikia kila mmoja, eleza kwamba mteja wao amefariki, uliza salio la siku ya kifo.

Kisha serikali. HMRC, yaani mamlaka ya mapato, inaweza kudai kodi ya mapato hadi siku ya kifo, hasa kama marehemu alijiajiri, mathalani dereva wa teksi au mama wa upishi wa sherehe. DWP, idara inayolipa pensheni na ruzuku, ni ya kuangaliwa zaidi. Marehemu aliyekuwa akipokea ruzuku inayotegemea kipato, kama Pension Credit, huku ana akiba ambayo hakuitaja, anaweza kuwa alilipwa zaidi ya haki yake. Idara hiyo hulinganisha mali iliyotajwa kwenye maombi ya mirathi na kumbukumbu zake, kisha huandika barua. Ukijua tu kwamba alikuwa anapokea ruzuku ya aina hiyo, usigawe kitu mpaka wamekujibu kwa maandishi. Na kama aliishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, halmashauri inaweza kuwa na ankara yake.

Sasa simu yake. Familia nyingi hufungua simu ya marehemu kutafuta picha. Wewe ifungue kutafuta madeni. Angalia makundi ya chama na upatu: kama alishapokea zamu yake na bado anatakiwa kuchangia miezi iliyosalia, kilichobaki ni deni. Angalia jumbe za M-Pesa na za kutuma fedha nyumbani. Angalia kama ana mkopo wa Sacco, au aliwekea mtu dhamana ya mkopo Nairobi. Udhamini nao ni mzigo unaoweza kuangukia mali yake.

Mambo haya yana uzito kwa sababu sheria inazungumzia madai "yawe rasmi au yasiwe rasmi". Mjomba akikupigia simu kutoka Moshi akasema, "Mwanangu, marehemu alikuwa na pauni elfu mbili zangu," umeshajua. Hakuandika barua, hakuona gazeti, hana wakili, lakini dai lake limekufikia. Huwezi kugawa mali kisha ukamwambia muda wa tangazo ulipita. Kwa upande mwingine, kusema tu hakulifanyi deni kuwa la kweli. Mjibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, bila kukiri wala kukana:

"Shikamoo mjomba. Nimepata ujumbe wako kuhusu fedha ulizomkopesha marehemu. Nimeliandika dai lako. Ili niweze kulishughulikia kama sheria inavyonitaka, naomba unitumie tarehe ulizompa, kiasi, njia mliyotumia kutumiana, na ujumbe au karatasi yoyote mliyoandikiana. Sitamlipa mtu yeyote kabla ya kukagua madai yote kwa pamoja. Nakuomba uvumilie."

Jumbe za WhatsApp na risiti ya kutuma fedha ni ushahidi mzuri. Angalia pia umri wa deni: kwa kawaida mkopo usio na hati maalumu hupoteza nguvu mahakamani baada ya miaka 6, ingawa kukiri deni kwa maandishi au kulipa sehemu yake huanzisha hesabu upya. Ndiyo maana nimekwambia usikiri lolote kwenye jibu la kwanza.

Fungua daftari moja, au jedwali kwenye kompyuta, na kila dai lipate mstari wake: nani, kiasi, lilikufikia lini na kwa njia gani, ushahidi gani umeletwa, uamuzi gani umefikiwa.

Kuandika notisi

Tovuti ya The London Gazette ina sehemu maalumu ya mirathi, na fomu yake inakuongoza. Gazeti hili lilianza Novemba 1665 mjini Oxford, wakati mfalme na watu wake wameikimbia tauni ya London, na leo husomwa pia na kompyuta za kampuni zinazodai madeni. Kompyuta hutafuta majina. Kwa hiyo jina ndilo moyo wa notisi.

Andika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, kisha kwenye nafasi ya majina mengine weka kila sura ambayo jina hilo liliwahi kuvaa. Watu wetu wana nyingi. Pasipoti ya zamani imeandika Saidi, benki imeandika Said, mkataba wa nyumba umeandika Seif kwa kosa la karani. Mwanamke alifungua akaunti kwa jina la baba yake, akanunua nyumba kwa jina la mume, akajulikana sokoni kwa jina la biashara. Mwingine alitumia jina la babu kama jina la ukoo Uingereza, lakini mkopo wa Tanzania una jina la baba. Weka yote. Jina lisiloonekana kwenye notisi hutoa mwanya wa hoja kwamba mdai asingeweza kumtambua marehemu.

Mengine ni mepesi: anwani ya mwisho, pamoja na za awali kama alihama karibuni, kazi yake, na kama alikuwa na biashara itaje, tarehe ya kifo, jina na anwani ya kupokea madai, yako au ya wakili. Usipotumia wakili, Gazette itataka uthibitisho wa mamlaka yako, hivyo weka tayari nakala za hati.

Tarehe ya mwisho ya kupokea madai ndiyo hukosewa zaidi. Miezi miwili inahesabiwa kuanzia tangazo la mwisho kuchapishwa, siyo siku uliyolipia wala siku ya tangazo la kwanza. Tuseme notisi ya Gazette itatoka Jumatatu tarehe 2 Machi 2026, na gazeti la wilaya, ambalo hutoka mara moja kwa wiki, litaichapisha Alhamisi tarehe 12 Machi. Hesabu inaanza tarehe 12 Machi na inafika 12 Mei. Usiandike 12 Mei. Weka siku kadhaa za akiba, kwa mfano Jumatatu tarehe 18 Mei, na tarehe hiyo hiyo ionekane kwenye matangazo yote mawili. Ndiyo sababu unatakiwa kuulizia siku ya kuchapisha ya gazeti la wilaya kabla hujajaza fomu ya Gazette.

Mahali pa kutangaza

Gazette peke yake haitoshi kama marehemu ameacha ardhi au nyumba. Sheria inataka pia gazeti linalosomwa kwenye wilaya iliko mali hiyo. Nyumba ikiwa Luton, gazeti ni la Luton, hata kama marehemu alifia hospitali ya Birmingham. Akiwa na nyumba miji miwili, magazeti mawili. Kama hakuwa na nyumba, bado ni busara kutangaza pale alipoishi au alipofanyia biashara. Mara nyingi tangazo la gazeti la wilaya hugharimu zaidi kuliko lile la Gazette. Usishangae ukipewa bei.

Kifungu chenyewe kinakwenda mbali zaidi: kinataka matangazo mengine ambayo mahakama ingeyaagiza kwa hali maalumu, yakiwemo ya nje ya England na Wales. Wakili aliyezoea wateja Waingereza anaweza asiliwaze hili. Marehemu aliyekuwa na duka la vipuri Kariakoo, au aliyekuwa akijenga Kilifi na kuchukua saruji kwa mkopo, ana wadai ambao hawataisoma London Gazette mpaka Kiama. Tangaza kwenye gazeti linalosomwa huko, kwa lugha wanayoisoma, na utunze ukurasa mzima wenye tarehe. Kumbuka lakini kwamba hati ya usimamizi ya Uingereza haikupi ruhusa ya kuuza kiwanja cha Kilifi. Mali ya huko hupitia mahakama za huko.

Kwa walioko Scotland: kifungu cha 27 hakiwahusu. Huko wasimamizi hungoja miezi 6 tangu kifo kabla ya kulipa wadai wa kawaida. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake ya mwaka 1958 na notisi huwekwa kwenye Belfast Gazette.

Muda wa kungoja

Miezi hii miwili utasumbuliwa. Mtu ana ada ya shule, mwingine paa linavuja, mwingine anauliza kwenye kundi la familia fedha "zimekwama wapi". Jibu ni kwamba sheria haimlazimishi msimamizi kugawa kabla ya mwaka mmoja tangu kifo. Itaje mapema, kabla hawajaanza kuuliza.

Gharama za mazishi zinaweza kulipwa. Benki nyingi hulipa ankara ya mazishi moja kwa moja kutoka akaunti ya marehemu hata kabla ya hati. Michango ya jumuiya ya kusafirisha mwili si deni. Lakini ndugu aliyenunua tiketi ya jeneza kwa kadi yake na kusema nitarudishiwa, huyo anadai, muingize daftarini.

Madeni ya wazi unaweza kuanza kuyalipa mara moja ikiwa una uhakika mali inatosha na kubaki. Ukiwa na shaka hata kidogo, usimlipe yeyote. Mali isiyotosha madeni ina foleni yake ya kisheria: mwenye rehani hulipwa kutoka kwenye kitu alichowekewa rehani, kisha gharama za mazishi zenye kiasi, kisha gharama za kusimamia mirathi, kisha madeni yenye upendeleo wa kisheria, na ndipo wadai wa kawaida, ambao hugawana kwa uwiano. Mjomba wa Moshi na kampuni ya kadi wako daraja moja. Ukimlipa mjomba chote kwa sababu ni mjomba, kampuni ya kadi inaweza kukudai wewe fungu lake. Zingatia pia hilo neno "zenye kiasi": mali isipotosha, mdai anaweza kuhoji mazishi ya kifahari. Ukiona dalili za upungufu, muone wakili kabla ya hundi ya kwanza.

Muda umeisha, sasa nini

Usigawe asubuhi ya siku inayofuata. Angalia tena barua, barua pepe na simu, kwa sababu kinga inapimwa kwa kile ulichokijua wakati wa kugawa. Dai likikufikia siku tatu baada ya tarehe ya mwisho wakati mali bado iko mikononi mwako, umeshalijua, lishughulikie. Likikufikia ukiwa umegawa nusu, nusu iliyokwenda ina kinga, nusu iliyobaki haina. Dai unalobishana nalo halifi kwa wewe kulikataa: tenga kiasi chake mpaka liamuliwe.

Notisi haikuondolei wajibu wa upekuzi ambao mnunuzi makini angeufanya, kwa hiyo fanya upekuzi wa Land Charges, yaani rejista ya madai yaliyowekwa juu ya ardhi, kwa jina la marehemu. Pekua pia kama kuna mrithi aliyefilisika. Ukimkabidhi aliyefilisika urithi wake mkononi, mfilisi wake anaweza kukurudia wewe.

Kuna dai moja ambalo notisi hailigusi. Sheria ya mwaka 1975, Inheritance (Provision for Family and Dependants) Act, inawapa mwenzi, mtoto na mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu nafasi ya kuomba mahakama iwaongezee fungu, na muda wa kawaida wa kuomba ni miezi 6 tangu hati kutolewa. Subiri muda huo upite kwanza. Wasimamizi waangalifu hungoja hadi miezi 10, kwa sababu shauri lililofunguliwa siku ya mwisho linaweza kuchukua miezi 4 zaidi kukufikia.

Na warithi? Kinga ya kifungu cha 27 inahusu pia mrithi asiyejulikana, na sheria ya huko haimbagui mtoto wa nje ya ndoa. Lakini familia zetu zina mtoto wa Tanga ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja. Ukiwa umewahi kusikia habari zake, kinga hiyo haikufuniki. Uliza wazee, andika walichosema, mtafute. Asipopatikana, zipo njia mbili za kawaida: bima ya mrithi aliyepotea, au amri ya mahakama inayokuruhusu kugawa kana kwamba hayupo. Tangazo halichukui nafasi ya hizo.

Siku ya kugawa, kila mrithi asaini risiti, na pamoja nayo ahadi ya maandishi kwamba deni likijitokeza atarudisha sehemu yake. Ahadi hiyo ina thamani sawa na uwezo wa aliyesaini, lakini iwepo. Faili lako liwe na nakala ya notisi ya Gazette, ukurasa wa kila gazeti, jedwali la madai, majibu ya HMRC na DWP, matokeo ya upekuzi na hesabu ya mwisho. Anayedai fungu lake la mirathi kwa kawaida ana miaka 12 ya kufungua kesi, basi faili hilo lisitupwe kabla ya hapo.